Mkono Uliotangulia Maji

Siku nilipoagwa karakanani Garissa, vijana wa kitengo cha pampu walinikabidhi saa ya ukutani na kunitaka niseme maneno machache. Sikusema. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi hawezi kusema machache yakawa kweli, na yasiyo kweli nimeyakataza maisha yangu yote. Niliwaahidi kuandika. Saa yenyewe ilisimama baada ya muda mfupi. Niliifungua, nikakuta kosa ni la betri, nikaibadilisha, na sasa inakwenda. Chini yake, mezani pangu hapa mtaani Galbet, nimeweka kitu kingine nilichokiomba mwenyewe kwa mkuu wa karakana: gurudumu la shaba lenye upana wa sahani, ambalo meno yake yamelika hata yakawa membamba kama makali ya kisu. Nitawaeleza lilikotoka. Vyeo na mishahara havimo humu. Vimo katika mafaili, na asiye na kazi ya maana aende akavisome.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya sitini, nikitoka chuo cha ufundi Nairobi na cheti, kalamu mbili mfukoni, na kiburi cha mtu aliyesoma habari za injini nyingi kuliko alizozigusa. Aliyenipokea ni Fundi Athman, mtu wa Lamu, mwembamba, mwenye kofia ya kiua ambayo haikupata doa la grisi hata siku moja. Namna alivyoweza hilo sijaielewa mpaka leo. Hakukitazama cheti. Alinipa bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, akaniambia niweke ncha yake juu ya injini ya pampu iliyokuwa ikinguruma uani, na mpini niutie sikioni.

"Wasikia nini?" aliniuliza.

"Kelele, Fundi."

"Kelele ni za sokoni. Keti papo hapo hata usikie beringi."

Niliketi asubuhi nzima juu ya debe. Kabla ya adhana ya adhuhuri nilikuwa nimeanza kutofautisha mlio wa beringi nzima na ule wa beringi inayokwaruza, kama mtu anavyotofautisha kikohozi cha vumbi na kikohozi cha kifua. Fundi Athman alikuwa na kanuni moja: badilisha kitu kimoja tu, kisha tazama. Ukibadilisha viwili na mashine ikapona, hujui ulichotibu; ikizidi kuugua, hujui ulichoua. Na mtu yeyote aliyekuja na taarifa inayoanza kwa neno "wamesema" alimkatiza hapo hapo. "Hao waliosema ni kina nani? Waite waje tuwape spana."

Kanuni hizo mbili zilinitosha kwa miaka mingi. Niliitwa Mandera kutazama pampu iliyosemwa kuwa imerogwa, nikakuta kandambili ndani ya bomba la kufyonzea. Niliitwa kwenye kisima kilichosemwa kuwa kimeingia chumvi. Chumvi hiyo ilikuwa ndani ya tangi, mtu mmoja alikuwa amewamwagia mbuzi wake humo gunia la magadi. Kila mara watu walikuwa na hakika, na kila mara hakika yao ilikuwa ya kuazima. Nilijifunza kutomwamini mtu, nikaiamini geji, kipimo cha sindano. Geji haina jamaa.

Miaka hiyo tuliinua mabomba ya kisima kwa miguu mitatu: milingoti ya chuma iliyofungwa pamoja juu, na kapi ya mnyororo ikining'inia katikati. Pampu hukaa chini kabisa, na bomba juu ya bomba hupanda mpaka usoni mwa ardhi. Pampu ikifa, yote hayo hutolewa moja moja. Ni kazi ya mikono, ya siku nyingi, na anayevuta mnyororo juani Wajir hana haja ya kuhubiriwa habari za Jahannamu. Lakini miguu mitatu haikuwahi kutusaliti. Ilikuwa duni kiasi kwamba haikuwa na cha kuharibika.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakimbizi walipojaa Hagadera na kambi za jirani, lilikuja shirika moja la misaada na lori lenye mkono wa chuma mgongoni. Mkono ule ulikunjuka kama wa mtu: bega, kiwiko, na mwishoni ndoano iliyoning'inia kwa waya wa chuma. Injini ya lori ilizungusha pampu ya mafuta. Mafuta yakapita kwenye vali. Vali ikayapeleka ama kwenye mota ya kugeuza mkono ama kwenye mota ya winchi, ile ngoma inayoviringisha waya. Asubuhi moja tu, mabomba yote ya kisima cha Hagadera yalikuwa yamelazwa chini kama miwa. Wenye mikokoteni ya punda walisimama juu ya mikokoteni yao wakapiga makofi. Shirika lilipoondoka likatuachia lori, na kuanzia hapo nchi nzima ya wafugaji ikawa na msemo. Hawakusema lori limekuja wala mafundi wamekuja. Walisema: mkono umefika. Na kila ulipofika, maji yalifuata.

Ile miguu mitatu ikasogezwa pembeni. Seti moja ikaazimwa Mandera, nyingine ikawa uzio wa mbuzi wa mlinzi wa karakana. Nililalamika, nikaambiwa nimezeeka.

Sasa nifike kwenye ukame uliotangulia mafuriko ya mwaka tisini na saba. Mvua za vuli, ambazo sisi huziita Deyr, zilikuwa zimekosa, na vidimbwi vyote vilikuwa vimegeuka vigae. Hadado palikuwa na maji, lakini palikuwa na watu kuliko maji. Mbele ya Hadado, mwendo wa siku kadhaa kwa mifugo, kilikuwapo kisima kirefu ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa waliopata hasara pale wangali hai na hawahitaji wageni wa kuwapa pole. Pampu yake ilikuwa imechoka. Ilitoa maji kidogo, ya kutosha kaya za pale na mbuzi wachache. Pampu mpya ilikuwa imepatikana, na lori la mkono, ambalo lilikuwa limekwenda Nairobi kutengenezwa, lilielekezwa moja kwa moja kisimani. Mimi nililifuata kutoka Wajir.

Dereva wake aliitwa Mutua, Mkamba mcheshi aliyekuwa ameishi kwetu muda mrefu kiasi cha kunywa chai ya maziwa ya ngamia bila kukunja uso. Mwendesha mtambo wa kisima aliitwa Abdille, kijana mrefu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza juu ya mlio wa injini. Nilipowasili niliwakuta wakitaniana kando ya lori.

"Hii gari yako nakunywa kama ngamia," Abdille alikuwa akisema kwa Kiswahili chake. "Lakini ngamia nafanya kazi."

"Ngamia wako ana gia ngapi?" Mutua akamjibu.

"Moja tu. Lakini hajaenda gereji ya Nairobi hata siku moja."

Niliwauliza kilichotengenezwa Nairobi. Mutua alisema winchi ilikuwa ikishtuka inapobeba mzigo mzito, na gereji moja ikaweka pampu mpya ya mafuta.

"Nani alisema kosa ni la pampu?"

"Walisema wao, Mzee. Mafundi wa huko."

"Walipima kwa geji?"

Mutua alitazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa nimeenda kuona familia Machakos."

Tulianza kazi. Mabomba ya kwanza yalipanda vizuri. Mkono ukayalaza mchangani kwa unyenyekevu. Kadiri mabomba yanavyotolewa mzigo hupungua, kwa hiyo uzito wa mwanzo ndio mtihani, na tulikuwa tumeuvuka. Niliridhika mapema. Mara winchi ikanguruma, waya ukashtuka, na mabomba yote yakaporomoka kiasi cha kiganja kabla ya klempu tuliyoifunga mdomoni mwa kisima kuyadaka. Tukajaribu tena. Ndoano tupu ilipanda bila taabu. Ikishika mzigo, ngoma hutetemeka na kurudi nyuma.

Hapo ndipo palipokuwa na msiba wenyewe, na nataka mwelewe. Kabla ya sisi kufika, kisima kilitoa maji kidogo. Sasa mabomba yalikuwa yamening'inia nusu ya njia, pampu ya zamani ikiwa juu ya maji na pampu mpya ikiwa ndani ya sanduku lake, na hatukuweza kuyapandisha wala kuyashusha. Tulikuwa tumekifunga kisima kwa ufundi wetu.

"Ni ile pampu ya mafuta," Mutua alisema. "Wametuuzia mbovu. Mzee, nipe nafasi niifungue."

"Hufungui kitu. Lete geji."

Abdille alinisogelea. Kwangu alizungumza Kisomali, akiniita adeer, kama kijana anavyomwita ndugu wa baba yake. "Adeer, abti yangu Gedi yuko njiani. Ana ngamia na ng'ombe, na familia yote." Abti ni mjomba, ndugu wa mama. "Msafiri mmoja aliliona lori likipita Hadado, akamkuta kule magharibi akampa habari."

"Habari gani?"

"Kwamba mkono umefika."

Yawapasa kujua desturi hii wale wenu mnaotoka mbali. Katika nchi ya wafugaji, watu wawili wakikutana njiani huulizana habari kabla ya kitu kingine, na anayeulizwa ana wajibu wa kutoa yote aliyo nayo: mvua, malisho, maji, vifo. Anayepokea humuuliza: umeona au umesikia? Ni swali ambalo Fundi Athman angelipenda. Yule msafiri alikuwa ameona. Aliuona mkono kwa macho yake, akaapa kwa haki. Hakusema neno juu ya maji. Wasikilizaji ndio walioyaongeza, kila mmoja moyoni mwake, na hakuna aliyesema uongo.

"Kuna njia panda kwenye laga, ule mto mkavu," Abdille aliendelea. "Akiwa hajaivuka anaweza kugeuka kwenda Hadado. Akiivuka, ng'ombe hawatafika popote isipokuwa hapa."

"Nipe muda wa kupima," nilimwambia, "kisha utakwenda na neno ambalo nimelishika kwa mkono."

Tulifunga geji kwenye mdomo wa pampu ya mafuta, tukaielemeza winchi kwenye mzigo. Sindano ilipanda hadi ilipotakiwa ikatulia. Pampu ilikuwa nzima kama ilivyotoka kiwandani. Gereji ile ilikuwa imemng'oa mgonjwa jino zima. Nikahamia kwenye vali. Nilizifungua hosi za winchi nikazihamishia kwenye vali ya kugeuzia mkono. Kama kosa lingekuwa la vali, winchi ingepona. Haikupona, kosa lilibaki pale pale kwenye winchi. Nikabaki na vitu viwili, mota na giaboksi iliyo kati ya mota na ngoma. Niliondoa kifuniko, nikachora mstari wa chaki kwenye shafti ya mota na mwingine kwenye ngoma, nikamwamuru Mutua avute polepole. Mstari wa mota ulizunguka. Mstari wa ngoma ulisita, ukatetemeka, ukarudi nyuma.

"Fungua mafuta ya giaboksi," nikasema.

Yalitoka yakimetameta. Mutua aliingiza kidole, akakitazama juani. Kilikuwa kimepakwa vumbi la shaba.

"Mzee," alisema, na utani wote ulikuwa umemtoka, "hii ni dhahabu ya maskini."

Ndani ya giaboksi hiyo mna parafujo ya chuma inayosukuma meno ya gurudumu la shaba. Shaba ni laini, nayo hutolewa kafara makusudi ili chuma kisife. Ndiyo maana hukaguliwa. Hili halikuwa limekaguliwa tangu siku tulipoachiwa lori. Winchi ilikuwa imelalamika kwa kushtuka, na watu wa Nairobi wakatibu walichosikia. Gurudumu la namna hiyo halikuwapo Wajir, halikuwapo Garissa, na Nairobi lingeagizwa ng'ambo. Nimewahi kufurahi kupata jibu la kosa gumu. Ni furaha ndogo ya fundi isiyohitaji shahidi. Siku ile jibu lilikuja safi, bila shaka yoyote, na nikatamani nisingelijua.

Mutua alipakia madumu matupu akaondoka na lori, mkono ukiwa umekunjwa mgongoni, kwenda kutafuta miguu mitatu popote ilipo. Abdille nilimtuma kwenye njia panda, nikampa neno nililolipima: maji yapo kisimani, injini ni nzima, pampu mpya ipo, lakini kinyanyuzi kimevunjika na hakitengenezeki hapa, geukeni. Kila sehemu ya neno lile ilikuwa kweli. Nililirudia mara mbili alishike.

Akarudi na mjomba wake.

Niliwaona kwanza kama vumbi, kisha kama ngamia, na nyuma ya ngamia ng'ombe, ambao hawakuwa wakitembea bali wakianguka mbele na kujidaka kila hatua. Mzee Gedi alikuwa wa rika langu, ndevu zimepakwa hina, fimbo mabegani. Tulisalimiana kwa ukamilifu, kama watu wenye wakati. Alinipa nabad, nikampa nabad. Kwetu amani hutajwa kwanza hata pasipo na dalili yake. Kisha nikamuuliza, na nakiri sauti yangu haikuwa ya adabu.

"Mpwa wako hakukukuta?"

"Alinikuta kabla ya laga."

"Hakukwambia?"

"Aliniambia vizuri. Nikamuuliza: maji yapo chini? Akasema yapo. Injini? Nzima. Pampu? Mpya, iko kwenye sanduku. Fundi? Yuko, ni yule mkali wa Garissa. Basi walaal, ndugu yangu, nikahesabu. Hadado mimi ni mgeni. Wenyeji hunywesha kwanza, na mgeni hungoja mpaka zamu zao ziishe. Hapa vitu vinne vipo na kimoja hakipo. Nani asingekuja?"

Nilimwonyesha gurudumu. Alilipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya meno taratibu, kama anavyopitisha kwenye ufizi wa ngamia anayeuzwa.

"Huyu ni mzee sana," alisema. "Huyu hatwikwi mzigo."

Akanirudishia. Baadaye nilimwona amekaa kati ya ng'ombe wake, akiwaita kwa majina. Ng'ombe wa kwanza alilala kando ya birika kavu, akaweka kidevu juu ya ukingo wa saruji kama mtu anayengoja kuhudumiwa dukani. Chini yake, ardhini, yalikuwapo maji. Nilishusha uzi wenye jiwe, nikasikia likigonga. Nikaupandisha, na ncha yake ilikuwa imelowa. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Sikuhitaji kuthibitisha.

Wakati wa swala uliingia. Maji ya madumu yaliyobaki yalikuwa ya kunywa tu, ya watoto kwanza, kwa hiyo nilipiga viganja vyangu mchangani nikapaka uso na mikono, nikatayamamu hatua chache kutoka mdomo wa kisima. Nilipotoa salamu, Mzee Gedi alikuwa ameketi nyuma yangu.

"Umetayamamu," alisema.

"Kama wewe."

"Juu ya kisima chenye maji."

"Sheria unaijua. Maji usiyoweza kuyafikia ni kama hayapo. Mtu akisimama kwenye kisima bila kamba wala ndoo, mchanga unamtosha."

"Kwa hiyo mbele ya Mwenyezi Mungu, hapa hakuna maji."

"Hakuna."

"Basi kwa nini viumbe wake unawapa neno jingine?" Hakupandisha sauti. "Nyuma yangu wako watu. Nimewaacha siku moja au mbili kabla ya laga, wana ng'ombe kuliko mimi. Sasa nachukua ngamia wangu kurudi Hadado, na nitakutana nao, na wataniuliza. Nikiwaambia maji yapo ila chuma kimevunjika, watafanya hesabu niliyoifanya mimi. Watakuja. Nipe neno la kubeba, fundi, na lisiwe na tundu la kupenya tumaini."

"Nikisema hakuna maji, nitakuwa nimesema jambo ambalo uzi wangu umelikanusha."

"Uzi wako haunyweshi."

Abdille alikuwa amesimama mbali kidogo, akijifanya anakaza nati iliyokuwa imekwisha kukazwa. Mzee Gedi aliendelea kungoja. Mimi ni mtu ambaye nimewafukuza vibarua kwa kusema "labda". Lakini nilikuwa nimekwisha kulijaribu neno la kweli lote, nikaliona lilivyofanya kazi. Lilikuwa limelala mbele yangu kando ya birika. Fundi Athman alisema badilisha kitu kimoja, kisha tazama.

"Hakuna maji," nikasema.

"Wataniuliza nimeona au nimesikia."

"Waambie umesikia kwa mdomo wangu."

Akainuka. Ng'ombe waliokuwa wamelala hawakuinuliwa. Alipita kwa kila mmoja akamgusa kwa fimbo begani, wala hakungoja kuona kama atasimama. Kisha yeye, familia na ngamia wakaondoka kwa njia waliyojia.

Neno lile lilifanya kazi. Wale waliokuwa nyuma waligeuka kwenye njia panda, hakuna kundi jingine lililovuka laga. Kama mngalinipa mtihani wa ufundi tu, ningalipasi. Siku zikapita, vilivyobaki pale vikiwa harufu na tai. Mutua alirudi baada ya zaidi ya wiki, midomo imepasuka, na miguu mitatu nyuma ya lori, imefungwa kwa kamba za katani; aliipata baada ya kuitafuta karibu na mpaka, akawaacha wenye nayo wakiwa bado wanamlaani. Tulivuta mnyororo kwa zamu, mimi nikiwemo, mabomba yote yakatoka. Tukashusha pampu mpya, tukaunganisha, na Abdille akawasha injini. Niliweka bisibisi juu ya beringi nikasikiliza. Mlio ulikuwa safi. Maji yakatoka mekundu, kisha meupe, yakajaza birika la kwanza, la pili, na la mwisho, yakasimama ukingoni. Nilitawadha. Hapakuwa na mnyama hata mmoja wa kuyagusa.

Nilimtuma Abdille Hadado kutangaza. Aliwahi kurudi, na nilimjua kwa mwendo wake kabla hajafika kwamba anakuja peke yake.

"Wanasema kisima kimekauka, adeer."

"Nani amesema kimekauka? Mimi nilisema hakuna maji."

"Neno lako lilipofika Hadado lilikuwa limegeuka: kimekauka. Wanasema fundi mkali wa Garissa amekauka nacho." Alijaribu kucheka. "Nikawaambia maji yamejaa birikani. Wakaniuliza nimeona au nimesikia. Nikaapa, wallahi nimeona. Mzee mmoja akanijibu: hata ule mkono tuliambiwa umeonwa. Mifugo iliyobaki haina nguvu ya kutembea kwa ajili ya neno, adeer. Neno la tatu hawalitaki."

Injini ilikuwa ikienda vizuri kabisa. Nadhani ndiyo pampu iliyofungwa vizuri kuliko zote katika maisha yangu ya kazi. Mutua alikuwa ameketi kivulini mwa lori, kichwa chini. Gurudumu jipya lilipowasili mwishowe, mvua zilikuwa zimekuja zote kwa pamoja, njia zimemezwa, na lori likalala Garissa na mkono wake uliopona likitazama maji yasiyohitaji kunyanyuliwa. Lakini hayo yalikuwa bado mbele.

"Na mjomba wako?" nilimuuliza Abdille. "Gedi alikuwepo. Alisikia mwenyewe nilichosema na kwa nini. Yeye naye hakukuamini?"

Abdille alichota maji kwa kiganja, akayaacha yamwagike tena birikani.

"Yeye ameamini. Amesema nikupe salamu, nikwambie anakuamini kabisa. Amesema tu kwamba hana tena wa kumnywesha, hata ngamia."

Nilitazama yale mabirika yaliyojaa, hayana hata mtikisiko. Kisha nikamwambia azime mashine.